Mashindano ya kuchoma nyama: haki huanza kwa kuficha jina

Inchini Marekani, kuchoma nyama ni mashindano yenye sheria, zawadi za pesa na machozi. Wapishi hukesha kando ya majiko ya moshi, kwani kidari cha ng'ombe chaweza kudai saa kumi na zaidi mpaka kilainike. Kisha muamuzi anaonja kipande kimoja na kuandika namba. Je, namba hiyo ni ya nyama ama ni ya sura ya mpishi?

Mteja huchagua mchomaji anayemjua, na si kosa: pesa ni zake. Muamuzi yeye anagawa zawadi isiyo yake. Ndiyo maana shirika la Kansas City Barbeque Society, lililoanzishwa mwaka wa 1985, halikutegemea moyo mwema peke yake. Timu zote hupewa masanduku ya namna moja. Ndani huwekwa nyama na, kwa anayetaka, majani kidogo ya kijani yaliyoruhusiwa. Kijiti cha meno hakiruhusiwi, wala karatasi ya alumini, kwani kitu kidogo namna hiyo chaweza kuwa ishara kwa rafiki. Sanduku likifika mapokezi, namba yake hubadilishwa, ili hata aliyenong'onezewa namba ya timu asiitambue.

Kila meza ina waamuzi sita. Wanapima sura, ladha na ulaini, kuanzia 9 kwa nyama bora hadi 2 kwa isiyolika. Pointi 1 ni adhabu ya kuvunja sheria. Ladha ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote. Wakati wa kuonja hawazungumzi, wala hawaoneshi kwa uso kama wamependa ama wamechukia. Mwishoni, pointi ya chini kabisa kati ya zile sita huondolewa. Hivyo mtu mmoja mwenye chuki hawezi kumzamisha mpishi.

Mjini Memphis, ambako mashindano makubwa yalianza mwaka wa 1978, njia ilikuwa tofauti kidogo. Mbali na masanduku, waamuzi walitembelea pia kambi za wapishi, wakasikiliza maelezo na kula nyama ingali moto. Njia hiyo ina uzuri wake, kwani nyama hupoa ndani ya sanduku. Lakini hapo mwenye hema zuri na maneno matamu hupata nguvu ambayo haikutoka jikoni.

Kuficha jina si kuwaita waamuzi wezi. Hata mtu mwaminifu ana ndugu, ana rafiki, ana jina kubwa analoliogopa. Sanduku lisilo na jina linamlinda yeye pia, maana kesho hakuna atakayemuuliza kwa nini alimnyima jirani yake.

Faida kubwa zaidi ni ya aliyeshindwa. Anapewa pointi zake, anasoma kwamba ladha ilikuwa nzuri lakini nyama ilibaki ngumu. Anarudi nyumbani na huzuni, ndiyo, lakini anajua la kurekebisha, wala hana mtu wa kumshuku.