Jina la Watu na Jina la Lugha: Kutoka "Flemish" Hadi Kingoreme

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wanachuo hutuletea mara kwa mara ni majina ya watu na ya lugha zao. Moja ni "Flemish". Mwanachuo hulikuta katika kitabu cha ujenzi, likitaja namna ya kupanga matofali: katika kila mstari wa ukuta, tofali moja huonyesha ubavu wake mrefu na linalofuata huonyesha kichwa. Hulikuta katika kitabu cha ufugaji, likitaja aina ya sungura wakubwa. Hulikuta tena katika historia, likitaja watu na lugha. Hapo huuliza: maana yake hasa ni nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake latufaa sana sisi tunaofundisha katika wilaya za Tarime na Serengeti.

"Flemish" ni neno la sifa litokanalo na Flanders, sehemu ya kaskazini ya Ubelgiji. Mwisho wake ni ule ule wa "English", "Irish" na "Spanish". Mtu mmoja wa huko huitwa "Fleming". Kwa hiyo hatusemi "He is a Flemish", kama vile tusivyosema "He is an English". Mwanafunzi wetu hukosea hapo kwa sababu amezoea shina moja lenye viambishi mbalimbali: Mkuria, Wakuria, Kikuria. Hata katika lugha yenyewe ya Wakuria utaratibu ni huo: Omokuria, Abakuria, Igikuria. Kiambishi humtenga mtu na lugha yake. Kiingereza mara nyingi huacha neno moja libebe mizigo miwili. Njia nyepesi ya kulifundisha neno kama hili ni kumtaka mwanafunzi alitie katika Kiswahili. "A Flemish farmer" ni mkulima wa Flanders. "She speaks Flemish" ni anasema Kiholanzi cha Ubelgiji. Kiswahili humlazimisha achague, na katika kuchagua huielewa maana.

Lakini kwa nini tuseme Kiholanzi? Kwa sababu lugha ya shule, ya mahakama na ya magazeti huko Flanders ni Kiholanzi, na mwaka 1980 Ubelgiji na Uholanzi zilianzisha chombo cha pamoja cha kuisimamia. Hata hivyo Waingereza huendelea kuiita "Flemish" inaposemwa na Wabelgiji. Wataalamu wa lahaja nao aghalabu hulibana jina hilo lihusu lahaja za Flanders ya kale tu. Mji wa Antwerp haukuwa katika Flanders hiyo ya kale, bali leo wenyeji wake wamo katika jina hilo. Neno ni moja, mipaka yake ni mingi.

Jambo hili si geni kwetu. Zamani Mkuria alijitambulisha kwanza kwa ikiaro chake, yaani kwa ukoo mkubwa wenye eneo lake: Wanyabasi, Watimbaru, Wairegi, Wanchari na wengineo. Jina la Kuria, likiwafunika wote, lilitia mizizi zaidi katika karne ya 20, na jina la Tende nalo limewahi kutumika. Mpaka uliowekwa na Wajerumani na Waingereza uliwagawa watu hao, wengine wakawa Kenya na wengine Tanzania. Katika wilaya ya Serengeti wamo pia Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, ambao lugha zao zina undugu na Kikuria. Malcolm Guthrie, katika orodha yake ya lugha za Kibantu, alikipa Kikuria alama E43; Kingoreme kiliongezwa baadaye na wataalamu wengine, kwa alama E401. Haikuwa kwamba Kingoreme kilizaliwa siku hiyo.

Tuliwahi kukaa nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya Serengeti, tukisikiliza somo juu ya lugha za mkoa wetu. Mwalimu aliuliza nyumbani husemwa lugha gani. Binti mmoja alijibu, "Kingoreme, Mwalimu." Mwalimu aliandika ubaoni "Kikuria", akaeleza kwamba ni mamoja. Binti yule hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia. Alikuwa ameulizwa jambo analolijua kuliko mwalimu wake, na jibu lake likafutwa kabla ya kuandikwa.

Hata hivyo haifai kukimbilia upande wa pili na kugawanya kila kitu. Katika madarasa ya Tarime huketi dawati moja watoto wa koo mbili ambazo wazee wao wamewahi kugombana. Kwa watoto hao, kusema "sisi sote twasema Kikuria" ni kweli, tena ni kweli yenye manufaa. Jina pana huweza kupatanisha, na huweza pia kumeza. Tofauti ni kama wenye jina wamelikubali au wamebandikwa.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, mnapoandaa somo lenye jina la watu, liwe "Flemish" au Kikuria, pitieni maswali matatu. Je, hapa jina linataja mtu, lugha, au kitu cha nchi hiyo? Ni nani anayelitumia, wenyewe au majirani zao? Linaishia wapi, na nani huachwa nje au huingizwa ndani bila kuulizwa? Swali la kwanza hujibiwa kwa kamusi na sarufi. La pili na la tatu huhitaji kuwasikiliza watu, na katika shule zetu baadhi ya watu hao wameketi mbele yenu. Mwanafunzi akiitaja lugha ya nyumbani kwao, iandikeni ubaoni kama alivyoitamka, kisha ndipo muwaulize wenzake inafanana na ipi.