Mlango wa Kariakoo uliogeuka mguu wa meza

Nyumba za zamani za Kariakoo zinaisha. Zile za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia na uani wenye jiko na choo, zinavunjwa kupisha maghorofa ya maduka na stoo. Kabla nyundo hazijaanza, hupita kwanza wanunuzi wa mabati, milango na mbao.

Familia moja ya watoto sita iliuza nyumba yao hapo baada ya mvutano wa mirathi uliodumu miaka 3. Fedha ziligawanywa, mabati yakaenda, kikabaki kitu kimoja kisicho na mwenyewe: meza ya kulia ya mninga ambayo marehemu mama yao aliikuta ukweni. Ilikuwapo kabla ya jengo la soko kuu kufunguliwa mwaka 1975. Uso wake mzima, miguu mitatu mizima. Wa nne uliwahi kubadilishwa kwa mbao laini, na mchwa, ambao hawauwezi moyo wa mninga, wakajipatia chakula hapo.

Kaka mkubwa alisema itupwe. Kitinda mimba, mama wa watoto wawili aliyepanga Ilala, akaibeba kwa guta. Kesho yake alirudi kwa mnunuzi wa mbao, akatoa fedha kununua mlango wa chumba cha mama yake mwenyewe.

Mlango huo ulipakwa rangi ya mafuta mara nyingi, aghalabu Idi ikikaribia: kijani juu, bluu chini yake, halafu krimu. Fundi wa Keko aliugonga kwa kidole, akacheka.

"Dada, huu mninga wa zamani. Mguu tunaupata na mbao zinabaki."

Ili kuokoa gharama ya usafiri, alipendekeza aje na mashine ya msasa aikwangue rangi palepale nyumbani, koridoni.

Kabla hajaja, simu iliita. Alikuwa dada mkubwa, muuguzi mstaafu, ambaye hawakuwa wamezungumza tangu siku ya kugawana fedha. Aliiona picha ya mlango kwenye kundi la WhatsApp la familia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Huyo mtoto anatambaa, sivyo? Rangi hiyo imekuzidi umri. Usikubali ikwanguliwe ndani."

Alijua anachosema. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zidumu. Kwa macho huwezi kujua ipi inayo, hivyo ni salama zaidi kuichukulia kila rangi ya zamani kuwa inayo. Msasa mkavu huigeuza vumbi laini linalotua sakafuni, kwenye mkeka na kwenye vitu vya kuchezea. Mtoto hupeleka mkono mdomoni, na kwa kiasi kilekile kilichomezwa, mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Haumwi siku hiyo. Ubongo ndio unaoumia, taratibu, na dalili huja kuonekana darasani. Kwa mjamzito, risasi humfikia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Mlango ukapelekwa Keko, kazi ikafanyika nje. Fundi alitandika nailoni, akailowesha rangi kwa maji na kuikwangua ikiwa mbichi, kisha akaingia na randa ya mkono, ambayo hutoa maranda badala ya vumbi. Barakoa ya kuchuja vumbi aliivaa kwa kulazimishwa. Mafundi wengi hawaivai, ingawa vumbi la mbao lenyewe, hata lisilo na rangi, lilitajwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa kisababishi cha saratani tangu 1995. Aliombwa pia abadilishe shati kabla ya kurudi kwa wanawe.

Mama lishe wa jirani aliomba vipande vyenye rangi akachochee moto. Alinyimwa, akanuna. Lakini risasi haiungui ikaisha. Huondoka na moshi na kubaki kwenye majivu, na hapo pana sufuria ya watu.

Fundi alikuwa na wazo moja zaidi: kupaka miguu oili chafu kuzuia mchwa. Hilo nalo lilikataliwa. Oili ya injini iliyotumika ina kemikali za saratani, na chini ya meza ndiko mtoto anakoshinda. Mninga wenyewe unatosha, mradi miguu isikae kwenye unyevu.

Mguu mpya ulichongwa ulimi, ukaingizwa kwenye tundu lake kwa gundi, bila msumari. Ni mweusi kidogo kuliko ile mitatu. Ijumaa hiyo dada mkubwa alikuja na hotpoti ya pilau, akainama kuutazama mguu kabla ya kuketi. Kaka mkubwa bado hajafika.