Ukurasa Niliouruka

Jumamosi moja mnamo Septemba 2024 Prof alisimama katikati ya kibanda cha gemu, simu mkononi, akaanza kutusomea kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Makala yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ya miaka miwili nyuma. Ilisema kwamba waliotengeneza The Rings of Power walimtukana Tolkien kwa kuweka watu weusi mahali ambapo yeye hakuwaweka. Kila akimaliza aya, Prof alitutazama kama wakili aliyetoa ushahidi wake wa mwisho.

"Mnasikia? Huyu ni mtu amesoma vitabu. Si kama nyinyi wa kuangalia tu."

Mimi nilikuwa nimekalia kreti ya soda karibu na mlango. Niliijua aya inayofuata kabla hajaifikia. Niliiandika mimi, usiku mmoja wa baridi, katika chumba changu ambacho ni mwendo wa dakika tano kutoka pale.

Kibanda hiki kiko nyuma ya Adams Arcade, upande wa kuelekea Toi. Kina televisheni tatu, PS4 mbili zinazofanya kazi na moja ambayo Boss, mwenye kibanda, amekuwa akiahidi kuitengeneza tangu nianze kuja. Wengi huja kucheza mpira, mechi shilingi 20, wapige kelele, waende. Sisi wengine, watu wanne au watano, huja kubishana. Pengine ni eneo lenyewe. Adams ilijengwa miaka ya 1950 na Abdul Habib Adam, na wazee wa Woodley bado wanaikumbuka sinema ya Metropole iliyokuwa hapo, walivyotoka ndani usiku wakibishana juu ya muvi hadi nyumbani. Siku hizi matatu za 111 zinapita Ngong Road zikielekea Ngong na hakuna abiria anayegeuza shingo.

Prof si profesa. Ni kwamba kati yetu ndiye aliyemaliza digrii. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokuwa deni na deni likawa barua. Nisiirefushe hiyo. Ninachotaka kusema ni kwamba Prof anawaheshimu watu waliosoma, na mimi naheshimiwa kidogo kwa sababu nina vitabu, hata kama vingi nimevinunua Toi, vimerundikwa kando ya mitumba, vingine havina jalada.

Ubishi wetu una sheria zake. Prof hutetea kitabu. Kwa miaka mingi alilalamika kwamba Peter Jackson alimtoa Tom Bombadil kwenye zile muvi tatu za 2001 hadi 2003. Msimu wa pili wa Rings of Power ukatoka mwishoni mwa Agosti 2024, Bombadil ndani, anaimba kabisa. Prof akasema si yeye. Boss hutetea gemu, kwa sababu hajawahi kusoma hata kimoja kati ya vitabu hivyo na haoni aibu. Kwake yeye Witcher ni ile gemu ya tatu, ya 2015, na yule mzee wa Poland aliyeandika vitabu ni mtu fulani tu aliyesaidia.

Mzee huyo, Andrzej Sapkowski, namfikiria sana kuliko vile Boss anavyojua. Aliwauzia watengenezaji wa gemu haki za hadithi yake kwa pesa ya mara moja. Walimpa asilimia, akakataa; hakuamini kwamba gemu hiyo itafika popote. Ikafika. Mwaka 2018 mawakili wake wakadai zloti milioni 60, na mwisho wa 2019 wakaandikiana mkataba mpya. Boss hucheka akisikia hadithi hiyo. Mimi huwa sicheki. Najua ilivyo kushika pesa leo na kuacha maneno yaende.

Mwaka 2022 nilikuwa nikiandikia akaunti ya mtu mwingine. Vijana wa Nairobi wanaijua kazi hii. Mwenye akaunti ana jina zuri la kigeni na nyota tano, anachukua kazi ng'ambo, anakugawia, anakukata. Siku chache baada ya Rings of Power kuanza, mapema Septemba, alinitumia maagizo: maneno 800, sauti ya shabiki aliyekasirika, itaje ngozi, usiwe na pande mbili. Shilingi 1,600. Kodi ilikuwa imepita tarehe tano.

Ningeandika juu ya mambo mengi mabaya ya ule msimu wa kwanza. Mazungumzo yake mengine yalikuwa mazito kama ugali wa jana. Lakini maagizo yalikuwa ni ngozi. Kwa hiyo nikamshambulia Arondir, yule elfi anayeigizwa na Ismael Cruz Córdova, kisha nikawashukia Harfoot, kina hobiti wa zamani, ambao mkubwa wao anaigizwa na Lenny Henry. (Naandika elfi kwa sababu nikiandika elfu mtadhani nahesabu pesa.)

Kuhusu elfi, Prof anaweza kubishana hata kortini. Tolkien aliwaeleza wengi wao kama watu weupe, na ukitaka kuwatetea itabidi useme hadithi inaruhusiwa kubadilika, jambo ambalo mimi naliamini. Lakini kuhusu Harfoot, jibu limo kitabuni. Katika utangulizi wa The Lord of the Rings, pale anapoeleza jamii tatu za hobiti, Tolkien anasema Harfoot walikuwa na ngozi ya kahawia kuliko wenzao. Si jambo la kuchimbua. Ni mwanzoni mwa kitabu, kabla hata safari haijaanza.

Nilikuwa na kitabu hicho mezani usiku ule. Kilikuwa wazi. Nilikuwa nimeupigia mstari ule mstari kwa penseli nikiwa chuoni, miaka kadhaa kabla. Nikautazama, nikahesabu kwamba ukiingia makala yangu inaanguka nusu, nikageuza ukurasa. Kisha nikaandika kwamba yeyote aliyemsoma Tolkien kwa makini anajua hakukuwa na hobiti wa aina ile.

Hilo la "kwa makini" ndilo Prof alilipenda. Alilisoma mara mbili.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mimi sikuanza na kitabu. Nilianza Kawangware, kwenye kibanda cha video, shilingi 10, nikiwa na miaka minane, nimeshikwa mkono na kaka yangu mkubwa. Muvi ilikuwa ya kwanza kati ya zile tatu, na juu ya sauti zake kulikuwa na DJ. Hakuwa DJ Afro mwenyewe, alikuwa mmoja wa wale waliomuiga, mwenye sauti ya kukwaruza, anayefafanua kila kitu kwa Sheng na kuongeza yake. Gandalf alikuwa Guka. Elfi walikuwa majini wa msitu. Frodo alikuwa kijana wa mtaa aliyeachiwa mzigo na mjomba, na Sam alikuwa beste yake asiyemwacha hata akifukuzwa. Pete ilipoonyeshwa DJ alisema hiyo ni mali ya laana, kama shamba lenye kesi, kila anayeshika anagombana na ndugu zake. Ukumbi mzima ukaguna, maana kila mtu alikuwa na shamba la aina hiyo mahali fulani.

Tukirudi nyumbani kaka alinisimulia tena yote, akaongeza na yeye. Nilipokuja kukisoma kitabu nikiwa na miaka kumi na tisa nilishangaa kukuta Guka hayumo. Wala sikuhisi nimedanganywa. Hata utenzi wa Fumo Liyongo ambao Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika 1913 unasimulia mambo ambayo midomo ilikuwa imeshayabeba kwa karne nyingi, na hakuna aliyemuuliza Kijumwa kama DJ wake ameidhinishwa.

Pale Kawangware hakuna aliyeuliza rangi ya hobiti. Walikuwa wetu, basi. Miaka kumi na sita baadaye, mtoto yuleyule aliyekaa kwenye benchi akawatoa kwa shilingi 1,600.

Basi Jumamosi hiyo niliwasikiliza. Boss ndiye aliyeanza kumkoroga Prof bila kujua. Alikuwa anacheza Shadow of War, gemu ya 2017, mahali ambapo Shelob, yule buibui mkubwa wa kutisha, anajitokeza kama mwanamke mrembo mwenye gauni jeusi.

"Prof, huyu naye yuko kwa kitabu?"

"Hiyo ni gemu bwana."

"Kwa hivyo buibui akigeuka kuwa mrembo ni sawa, lakini kamzee kafupi kakiwa keusi ni matusi?"

Tulicheka wote, hata Prof kidogo. Binti mmoja wa Woodley ambaye huja na mdogo wake, msomaji kuliko sisi sote, akatuambia juu ya Ursula Le Guin. Kitabu chake cha kwanza cha Earthsea kilitoka 1968 na shujaa wake, Ged, ana ngozi ya kahawia nyekundu, na watu wengi wa visiwa vile ni weusi au kahawia. Yeye mwandishi alifanya hivyo kwa kukusudia. Televisheni ya Marekani ikaja kutengeneza filamu mwaka 2004 ikamfanya Ged mzungu. Le Guin akiwa hai aliandika hadharani kuikataa. "Kwa hivyo kubadilisha rangi kumeanza kitambo," binti akasema. "Ni vile tu wakati huo hao hawakupiga kelele."

Prof akainua simu. "Lakini huyu anasema Tolkien hakuwa na hobiti weusi. Tena anasema kwa makini."

Nikasimama. Sikusema kitu, nikatoka, nikapita nyuma ya vibanda vya viatu hadi kwangu. Njiani nilikuwa na mpango mzuri wa kutorudi. Kitabu kilikuwa chini ya kitanda, karibu na jiko la gesi, kimevimba kwa unyevu. Mstari wa penseli bado ulikuwapo.

Niliporudi walikuwa wameshahamia Witcher na kama Henry Cavill alifanya vizuri kuondoka. Nikampa Prof kitabu kikiwa wazi, kidole changu kwenye mstari. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akasoma tena. Akarudisha macho kwenye simu, kisha kwenye kitabu.

"Sasa huyu msee aliyeandika," akasema, "inamaanisha hakuiona hii?"

"Aliiona," nikasema.

Prof akanitazama. Akatazama ile penseli, na maneno madogo niliyoandika pembeni, mwandiko ambao ameuona kwenye daftari la madeni la Boss kila mwezi.

Boss akatuambia kama hatuchezi tupishe, kuna watoto wamelipia wanangoja.