Mji unaopima theluji ili watoto walale salama

UKIPANDISHA kidole kwenye ramani kutoka Norwe kuelekea Ncha ya Kaskazini, utafika visiwa vya Svalbard. Huko uko mji wa Longyearbyen, wenye wakazi takribani 2,400. Una shule, chekechea na hospitali ndogo, lakini mama mjamzito husafiri kwenda bara wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Majira ya baridi, jua halichomozi kwa zaidi ya miezi mitatu.

Theluji hapo ni somo la chuo kikuu. Wanafunzi huchimba shimo kwa beleshi, kisha hukagua ukuta wake tabaka kwa tabaka, kama keki iliyokatwa. Hupima joto na uzito. Lita moja ya theluji mpya huwa na gramu 100 hivi. Iliyoshindiliwa na upepo hufika 300 au 400. Ugumu hupimwa kwa mkono: ngumi ikizama, theluji ni laini. Isipozama hujaribiwa vidole vinne, kidole kimoja, penseli, na mwisho kisu.

Karibu na ardhi, chembe hukua zikafanana na sukari. Hazishikani. Tabaka zito likilala juu yake mlimani, linaweza kuteleza lote kwa mkupuo.

Jumamosi, Desemba 19, 2015, familia zikiwa nyumbani baada ya usiku wa dhoruba, theluji iliporomoka kutoka mlima Sukkertoppen na kusukuma nyumba kadhaa. Majirani walikimbia na mabeleshi. Aliyefunikwa na theluji hukosa hewa, na nafasi ya kumkuta hai hushuka haraka baada ya dakika 15 hivi. Wengi waliokolewa. Mwanamume mmoja na mtoto wa kike wa miaka miwili walifariki.

Februari 2017 theluji ilishuka tena na kugonga nyumba, ila hakuna aliyekufa.

Leo mlimani kuna uzio wa kuzuia theluji na vifaa vinavyotuma taarifa za kina chake. Nyumba zilizokuwa hatarini zaidi zimeondolewa. Hatari ikionekana, familia huambiwa zihame kabla, hata kama ni usiku na watoto wamelala.

Kuwaamsha ni usumbufu. Lakini mzazi wa Longyearbyen anajua kwa nini kuna watu wanaoshinda shimoni kwenye baridi, wakibonyeza theluji kwa kidole.