Mizani ya Pamba na Kiti cha Bunge

Msomaji wa kisiwani, aliyekulia katika harufu ya karafuu, hana haja ya kuelezwa maana ya mizani. Bara, katika nchi ya Wanyantuzu, ambayo mji wake ni Bariadi na ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu, zao ni pamba. Lakini hila za mizani ni zile zile. Zama za Waingereza mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akajitwika furushi mpaka kwa mnunuzi, na huko neno la mwisho likawa la mshika mizani.

Ghadhabu hiyo ndiyo iliyomwinua Paul Bomani. Alizaliwa 1925 upande wa Musoma, akaingia katika shughuli za vyama vya ushirika Mwanza baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kwa jambo dogo mno: kuwaweka watu wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba ili kuukagua uzito. Kutoka hapo vikachipuka vyama, na 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Haikupita miaka mitano, pamba yote ya Kanda ikawa inapita mikononi mwake. Ikumbukwe kwamba kuanzia 1954 hadi 1958 TANU ilikuwa marufuku Usukumani. Basi siasa ikawa inapenya kwa mlango wa uani, na mlango huo ulikuwa ushirika.

Mizani ikamfikisha Bomani katika Baraza la Kutunga Sheria. 1960 akawa Waziri wa Kilimo, 1962 wa Fedha. Njia yake inashabihiana mno na ya Rashidi Kawawa, aliyetokea upande wa wafanyakazi: Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, 1955, kisha Waziri Mkuu Januari 1962. Na hapa ndipo penye utata. Ni katika mwaka huo wa 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, ndipo zilipopitishwa sheria zilizoufunga mgomo kwa masharti mazito. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, shirikisho alilolilea likavunjwa, ikaundwa NUTA chini ya mbawa za serikali. Wapo wasemao kwamba dola changa isingesimama vinginevyo, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini kuli wa gatini hakuulizwa.

Wakulima, wao, walipata nafasi ya kusema. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, ambapo wagombea walitambulishwa kwa jembe na nyumba, Bomani aliangushwa huko huko Mwanza, naye ni Waziri wa Fedha! Aliyewatetea mbele ya mizani walimwona sasa amekaa upande wa pili, miongoni mwa wakatao kodi na makato. Rais Nyerere akamteua kuwa mbunge na kumrejesha katika Baraza la Mawaziri. Baadaye akapelekwa Marekani kuwa balozi, toka 1972 hadi 1983.

Shirikisho lenyewe halikuwa na mteuzi. Mwaka 1966 uliundwa uchunguzi juu ya vyama vya ushirika, na kweli ufisadi ulikuwamo; serikali ikautwaa uendeshaji wake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, na sheria ya 1982 ikavirudisha, vikiwa vimekwisha kudhoofika. Wanunuzi binafsi wakafunguliwa mlango miaka ya 1990; 2018 pamba ikaamriwa tena ipitie ushirika wa msingi.

Bomani alifariki Aprili 2005, Kawawa siku ya mwisho ya 2009. Mkulima wa Bariadi, kila msimu ufunguliwapo, husimama kando ya mizani akiutazama mshale.