Si kidole cha mzee: nilivyotafuta hitilafu kwenye bastola ya kuanzishia mbio

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msinirushie mawe. Leo naomba nitoke nje ya kompyuta kidogo, kwa sababu hitilafu ngumu kuliko zote nilizopambana nazo mwaka huu haikuwa kwenye msimbo. Ilikuwa kwenye kipande cha chuma kinachotosha kiganjani.

Baba yangu huanzisha mbio. Alistaafu reli zamani, lakini kila msimu wa michezo ya shule anavaa koti lake jekundu, anapanda kistuli na kuinua mkono. Sisi tumekulia Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na pale kila mtu hujulikana kwa kitu fulani. Yeye watoto wanamwita Mzee Pa.

Msimu uliopita bastola ilianza kumwaibisha. "Mahali pako... tayari..." halafu tk. Kimya. Nusu ya watoto wanatoka, nusu wanabaki wameinama. Kwenye mita 100 za wasichana, mtoto wa leni ya nne alikimbia mita sitini peke yake kabla ya kuitwa arudi. Ikarudiwa, ikakataa tena. Mara ya tatu ililia, lakini miguu yake ilikuwa imekwisha, akamaliza wa mwisho. Baba hakugusa chakula siku ile.

Baada ya wiki moja kamati ilimwita na kumwambia kwa heshima zote kwamba labda ni umri, kidole kimelegea, havuti mpaka mwisho. Apumzike. Na mimi niliposikia, nilikubaliana nao. Hilo ndilo linaloniuma. Mteja akinipigia simu kusema programu imekataa, jambo la kwanza linalonijia kichwani ni kwamba amebonyeza vibaya. Kumbe tabia hiyo nimeileta mpaka nyumbani.

Usiku huo nikamwomba anieleze yale mashine yenyewe inavyofanya kazi.

Bastola ile ni ya .22, ina silinda yenye vyumba vinane, na inatumia risasi baridi, yaani ganda lenye baruti lakini halina kichwa cha kuruka. Mtutu umezibwa kiwandani. Ganda la aina hii halina kiwashio katikati ya kitako kama risasi kubwa. Kemikali ya kuwasha imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, kuzunguka duara lote. Pini inaugonga ukingo, ukingo unabanwa kati ya pini na chuma cha chumba, kemikali inawaka. Ni teknolojia ya zamani kweli: Smith & Wesson walitoa bastola yao ya kwanza ya .22 mwaka 1857, na wazo la ukingo halijabadilika tangu hapo.

Sasa fikiria hapo kama mwanaprogramu. Ili iwake, mambo matatu lazima yatimie kwa pamoja: ganda likae mpaka mwisho, pini igonge kwa nguvu ya kutosha, na kemikali iwe nzima. Kidole kinahusika na moja tu, tena kwa kiasi kidogo. Nyundo ikishaachiliwa, kazi ni ya springi. Nyundo haijui kama aliyevuta ana miaka ishirini au sabini.

Basi tukapanga jaribio. Si Muthurwa, tafadhali. Ukifyatua kitu pale saa kumi jioni soko zima litalala chini na mboga zake. Bastola ni mali ya shule na hukaa kwenye kabati la chuma, kwa hiyo mwalimu wa michezo aliarifu kituo cha polisi kwanza, tukaenda uwanjani Jumapili asubuhi, masikio yamezibwa, mtutu ukielekezwa kusiko na mtu.

Silinda ina doa jeupe la rangi ambalo Baba alilipaka miaka mingi iliyopita. Nikahesabu vyumba kuanzia hapo, 1 hadi 8. Mtu mmoja silinda tatu, yaani milio 24 kila mmoja, 48 jumla. Kila iliyokataa tulisubiri sekunde 30 bila kuishusha, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka, kisha tukazungusha silinda mpaka chumba kilekile kirudi, tukajaribu tena. Kila kitu nikakiandika kwenye daftari. Matokeo:

- Baba: zilikataa 6 kati ya 24.
- Mimi: zilikataa 7 kati ya 24.
- Vyumba 4 hadi 8: hakuna hata moja iliyokataa.
- Vyumba 1, 2 na 3: zilikataa 13 kati ya 18, na 12 kati ya hizo ziliwaka zilipogongwa mara ya pili.

Soma tena hiyo orodha polepole. Kama tatizo lingekuwa kidole, makosa yangetapakaa vyumba vyote. Kama lingekuwa risasi zilizoshika unyevu, vilevile. Na mimi mwenye kidole kichanga nilishindwa zaidi ya mzee. Lile la kuwaka mara ya pili ndilo lililonifungua macho: ganda lilikuwa halikai mpaka mwisho, kwa hiyo pigo la kwanza lilikuwa linalisukuma ndani badala ya kulibana. La pili ndilo lililokuta limekaa.

Nikamulika vyumba kwa tochi ya simu. Kwenye vile vitatu, pale pini inapogonga, mdomo wa chumba ulikuwa na kijishimo, na chuma kilichosukumwa kimevimba kwa ndani kama kipele. Ukipitisha ucha unakwama. Vingine vyote laini.

Baba akaangalia, akasema, "Hii ni ya kufyatua bila risasi." Bastola nyingine zina kizuizi cha kuzuia pini isifike kwenye chuma, hii haina. Bila ganda la kupokea pigo, pini inagonga mdomo wa chumba. Mara moja si kitu. Mara mia ni patasi.

"Lakini mimi sijawahi kuifyatua tupu," akasema.

Mimi nikanyamaza.

Zamani bastola ilikuwa inalala kwetu Ijumaa, usiku wa kuamkia michezo, kwenye mkebe wenye kufuli. Nilijua ufunguo unakaa wapi. Risasi zilikuwa mahali pengine, kwa hiyo nilijiona mtoto mwangalifu. Nilikuwa naanzisha mbio tatu: mita 100, 200 na 400. Tk, tk, tk. Kisha narudisha silinda mpaka doa jeupe likae juu kama alivyoliacha, asijue. Kila Ijumaa, misimu sijui mingapi. Vyumba vilevile vitatu.

Kamukunji iko ng'ambo tu, na kule utapata tupa ya kila umbo. Nilipendekeza twende tukasugue vile vipele. Baba akanitazama. "Hii si sufuria." Ukisugua unaondoa chuma ambacho hakirudi. Mwalimu akaipeleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni, akakisukuma chuma kirudi mahali pake kwa kifaa maalumu, akabadilisha na springi ya nyundo. Tukarudia jaribio. Milio 48, zote 48 zikawaka.

Niliungama kwenye matatu, tumekwama Landhies Road, mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Alikaa kimya mpaka karibu na stendi. Kisha akauliza, "Hiyo ya 400 ulikuwa unawaanzishia akina nani?"

"Chupa za soda. Nilizipanga kitandani."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo si kidole." Hakusema lingine.

Nilipiga chapa ile orodha nikaipeleka kwa kamati, pamoja na jina langu kama chanzo cha hitilafu. Muhula huu amerudi kistulini. Yule msichana wa leni ya nne alikimbia tena, mlio ukaja mara moja, akawa wa tatu. Sitawadanganya kwamba alishinda. Lakini safari hii alishindwa na wenzake, si na sisi.

Kwa wenye shule au klabu yenye chombo kama hiki, haya ndiyo niliyojifunza:

1. Usifyatue bastola ya .22 ikiwa tupu.
2. Baada ya michezo safisha kila chumba kwa brashi. Masizi nayo huzuia ganda kukaa, na dalili ni zilezile.
3. Mafuta kidogo sana. Yakiingia kwenye risasi yanaweza kuziua.
4. Okota ganda lililokataa, uangalie alama ya pini. Ile ndiyo logi yako.
5. Risasi baridi si mchezo. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijiwekea kichwani bastola yenye risasi baridi kwa utani, akafyatua, akafa. Gesi peke yake inatosha kuua.
6. Wapima muda waanze saa wakiona moshi, si wakisikia mlio. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye kwenye utepe wa mita 100 huisikia ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.3.

La saba ni la kwangu mwenyewe. Kabla ya kusema mtumiaji amekosea, hesabu kwanza. Na ukishahesabu, uwe tayari kukuta jina lako.

Wiki ijayo hifadhidata, naapa.