Matembezi Juu ya Mbao: Kinamasi cha Magombe, Bigodi

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawaletea habari za mahali palipo jirani na kambi yetu ya Rwamwanja, ndani ya wilaya hii hii ya Kamwenge. Ni kinamasi cha Magombe, kijijini Bigodi, kando ya barabara ya Kamwenge kwenda Fort Portal, pembeni ya msitu wa Kibale. Tulikwenda huko na wanafunzi wakubwa pamoja na wazazi wachache. Kila familia ilichanga kidogo.

Njia yenyewe ni rahisi. Inazunguka kinamasi, inapita kando ya mashamba, na ukienda pole pole utatumia saa tatu hivi. Penye maji wamepanga mbao, basi mnapita mmoja mmoja katikati ya mafunjo yanayozidi kimo cha mtu mzima.

Wengi wetu tunajua kinamasi kama mahali pa matope, mbu na nyoka. Tena wako watoto waliovuka vinamasi usiku, wakiwa mgongoni mwa mama zao. Kwa hiyo mwanzoni walishikana mikono kwa nguvu. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hapa chini kuko maji mingi?" Muongozaji wetu akacheka, akaokota bua la funjo, akawaonyesha kwamba lina pembe tatu. Akaeleza kwamba mizizi yake inasukana kama kirago, inakamata udongo unaoletwa na mvua, na maji yanapita yakiwa yamechujwa. Baada ya hapo hofu ikapungua, wakaanza kutazama juu.

Na juu kuna mengi! Tuliona mbega wekundu wakiruka mti kwa mti, na ndege mkubwa wa rangi ya buluu mwenye kishungi kichwani na mdomo wa njano wenye ncha nyekundu. Nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu, hatukumwona. Anajua kujificha.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni la watu. Mwaka 1992 wanakijiji wa Bigodi waliunda chama chao, KAFRED, ili kinamasi kisimalizwe na majembe. Wageni wanalipa kiingilio, waongozaji wanapata kazi, akina mama wanauza vikapu, na pesa hizo zimesaidia shule ya sekondari ya kijiji. Yaani maji yale yaliyoachwa yatulie yanasomesha watoto.

Sasa tujiangalie sisi. Hapa kwetu tunalima bondeni mpaka ukingoni mwa maji. Sababu tunaielewa wote: kiwanja ni kidogo na watoto wanataka kula. Lakini mvua kubwa ikinyesha, udongo wa shamba unashuka mle mle tunamochota. Mama mmoja tuliyekuwa naye alisema hivi njiani: "Shamba la bondeni mafuriko yanaweza kulibeba siku moja. Funjo ukilikata linaota tena, na kirago unapata."

Tunaomba viongozi wa vijiji na wazazi tuzungumze juu ya hilo. Tuache ukanda wa mafunjo kando ya maji, hata hatua kumi tu. Wanaosuka wakate kwa zamu, wasing'oe mizizi. Wanafunzi wetu wako tayari kupanda upya mahali palipobaki wazi.

Kwa familia itakayopenda kwenda Bigodi: ondokeni asubuhi, wakati ndege ni wengi. Vaeni gambuti na nguo za mikono mirefu, chukueni maji ya kunywa na vitambulisho vyenu. Kwenye mbao watoto wasikimbie, maana mvua ikinyesha zinateleza sana. Tunawatakia safari njema.